Tela lilipocheza mdundiko njia ya Bagamoyo

Mkono wangu wa kushoto bado una alama nne za kucha. Kabla hujaanza kufikiria mambo yako, kucha hizo si za mapenzi, ni za woga. Najua wiki iliyopita niliahidi kumalizia ile mada ya akina kaka wanaoazima mashati ya kwendea disko, lakini leo mnivumilie. Kuna jambo nimelibeba rohoni tangu wikiendi tuliyokwenda Bagamoyo, na nisipolitoa litanipa vidonda vya tumbo.

Kwanza nikupe picha. Nina mshikaji wangu mmoja, jina lake naliweka kapuni, hapa tutamwita Bosi kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa hata siku ambazo amechacha. Bosi alipata karavani. Sizungumzii msafara wa ngamia. Nasema lile tela la Wazungu lenye umbo la mkate wa boflo, lina madirisha, kitanda na kajiko, unalifunga nyuma ya gari na kwenda nalo kuvinjari popote, ukichoka unalala humo humo. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia kwa bei ya kutupa. Lilikuwa limekaa uani miaka mingi na kuku walishalifanya banda.

Bosi na dada yake, ambaye sote tunamwita Sista, wakakaa wakapiga bongo. Wakang'oa kitanda, wakaosha, wakapaka rangi ya chungwa, wakakata dirisha kubwa ubavuni. Fundi akafufua breki, matairi yakanunuliwa mapya. Mpango wenyewe ulikuwa kulivuta hadi Bagamoyo wakati wa lile tamasha la sanaa na utamaduni la TaSUBa, kile chuo ambacho wengi bado tunakiita Chuo cha Sanaa ingawa kiligeuzwa kuwa taasisi mwaka 2007. Wangeegesha jirani na ufukwe na kuuza chipsi, mishikaki, juisi ya ukwaju na maji baridi. Sista alichomoa akiba yake ya kikoba akanunua jenereta na friji. Akiba yote, hakubakiza hata ya vocha. Hilo naomba ulikumbuke, maana ndilo lililofanya kisa hiki kisiwe cha kuchekesha sana.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupakia.

MZIGO NILIUPANGA MIMI

Asubuhi ya safari Bosi alikuja na pikapu ya mjomba wake, Hilux ile ya kunyanyuka ambayo mtu mfupi akitaka kupanda anaomba msaada. Nyuma yake fundi wa mtaani alikuwa amechomelea chuma cha kuvutia. Kwa wasiojua mambo haya, juu ya chuma hicho kunakaa kichwa cha mviringo kama gololi kubwa. Pua ya tela nayo ina kikombe kinachokaa juu ya gololi na kulibana. Kiungo ni hicho tu. Yaani gari na tela, pamoja na roho za watu, vinashikana kwenye kitu chenye ukubwa wa limau!

Nikaanza kupakia. Mlango wa karavani uko ubavuni kwa nyuma, nami sikutaka kujichosha. Friji nikaliweka nyuma kabisa, jenereta nikalisukumia pembeni yake, nikajiambia tukifika Bagamoyo tutavishusha chapchap bila kupindisha mgongo. Madumu kumi ya maji ya lita 20 nikayapanga katikati. Mbele nikaweka viti vya plastiki, sufuria na mifuko ya mkaa, vitu vyepesi vyepesi. Bosi akaniuliza, "Umepanga vizuri?" Nikamjibu, "Mzee, mimi mtaalamu." Na kweli nilijiona mtaalamu. Watoto wa mtaa walijaa, dada mmoja wa nyumba ya jirani akachungulia dirishani, nami nikazidisha kupiga miluzi ya kuelekeza gari. Ujiko ule!

Hakuna aliyegundua kwamba pua ya tela ilikuwa inatazama juu kama ndege inayotaka kupaa.

Tukakaa watatu mbele, Sista katikati. Mwenge, Lugalo, Tangi Bovu, mpaka Tegeta mambo yalikuwa bomba kwa sababu foleni haikuturuhusu kukimbia. Baada ya Boko na Bunju barabara ikafunguka, na Bosi naye akafunguka. Muziki juu, kiwiko dirishani. Nilichungulia mshale wa spidi, nikaona 90. Sikusema kitu. Nani aseme wakati raha imekolea?

Tukaanza kuteremka kuelekea daraja la mto Mpiji, pale Dar es Salaam inapoishia na mkoa wa Pwani kuanza. Basi dogo likatupita kwa kasi. Ule upepo wake ulitusukuma kidogo tu, halafu nikasikia kiti kinanivuta kushoto. Kisha kulia. Kisha kushoto tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Nikatazama kioo cha pembeni. Msomaji wangu, karavani letu la rangi ya chungwa lilikuwa linacheza mdundiko! Si ule wa kushika kiuno taratibu, bali ule wa mwisho wa ngoma, wakati kila mtu amelewa na wapigaji hawataki kuacha.

Bosi akazungusha usukani kulia kulifuata. Likazidi. Akazungusha kushoto. Likazidi tena. Kitako cha tela kilifagia upande wa pili wa barabara, kikarudi kikafagia mchanga wa pembeni. Mbele yetu, kando ya barabara, walikuwa wanatembea wanafunzi watano hivi, sare zao nyeupe na bluu, mmoja mdogo kabisa amebeba kidumu. Hapo ndipo Sista aliponizamisha kucha zake nne na kupiga kelele ya jina la mama yake.

Kilichotuokoa si ufundi. Bosi aliogopa mpaka mguu ukatoka wenyewe kwenye mafuta, na mikono ikakauka juu ya usukani. Gari likaanza kupungua mwendo. Tela likayumba mara nyingine, mara nyingine tena, kisha likatulia kama mlevi aliyepata ukuta. Wale watoto walikuwa wamesharukia kwenye majani. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anakuja nyuma yao aliingia mchangani akaanguka. Mungu mkubwa, hakuumia, lakini kioo cha pikipiki yake kilivunjika vipande vipande.

Alitufuata akiwa amefura. "Mnataka kuua watoto?" Bosi midomo ilikuwa mikavu. Mimi, mtaalamu, nikajibu haraka haraka, "Ni upepo wa basi, kaka. Upepo tu."

Kumbe naelewa fika. Moyo wangu ulishaniambia.

MZEE WA SEMI

Tukavuka daraja tukiwa tunatambaa, tukasimama Mapinga chini ya mwembe. Hakuna aliyeongea. Bosi akatoa simu akaanza kutafuta dawa. Baada ya dakika kumi akaruka, "Nimepata! Kuna kiungo maalumu cha kuzuia tela lisiyumbe. Tukinunua hicho, kesi imekwisha." Bei yake ilinifanya nimeze mate. Sista akauliza kwa sauti ya chini, "Hela iko wapi, Bosi? Mimi nimebaki na nauli."

Pale chini ya mwembe alikuwa ameketi mzee mmoja na kahawa yake. Tulipomwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba, akatuuliza mzigo unakwenda wapi. Kumbe alikuwa dereva wa semi kwa miaka mingi, amestaafu. Akazunguka tela letu mara moja. Hakugusa kitu. Akacheka kwa pua.

"Wanangu, hilo dude mnaloliona kwenye simu lipo na linafanya kazi. Lakini ni kama mkanda wa suruali. Suruali ikikupwaya, mkanda unasaidia. Sasa kama suruali yenyewe hujavaa, mkanda utakushikia nini?"

Akachukua kijiti akachora mchangani. Akasema semi halichezi kama tela letu kwa sababu shingo yake inakaa juu ya matairi ya nyuma ya kichwa, yaani limeegemea kifuani mwa farasi. Tela la gololi limeshikwa mkiani, mbali nyuma ya matairi. Likisukumwa kidogo tu, linapata nguvu ya kuzungusha gari zima, kama unavyofungua mlango kwa kusukuma mwisho wake na si kwenye bawaba.

Kisha akafika kwangu, ingawa hakujua kwamba ni mimi. "Tela likipigwa na upepo," alisema, "pua inakwenda upande, matairi yanalirudisha, linapitiliza. Uzito ukiwa mbele kidogo, kila mtikisiko unakuwa mdogo kuliko uliopita na dude linatulia lenyewe. Uzito ukiwa nyuma na mwendo ukizidi, kila mtikisiko unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Hapo hakuna dereva. Mmewahi kumwona mtu wa mzegazega, mti begani na mzigo huku na huku? Yeye anatafuta mahali mzigo unapolingana. Ekseli ya tela ndiyo bega lenu. Ila ninyi msilinganishe. Uelemee mbele kidogo. Nani amepakia huu mzigo?"

Kimya. Kunguru akalia juu ya mwembe. Nikatazama viatu vyangu kama ndiyo kwanza nimevinunua.

"Tumepakia wote," alisema Sista. Alikuwa ananiangalia mimi.

MZANI WA MCHELE

Mzee akatushauri twende taratibu mpaka Kerege, kwenye duka la nafaka lenye ule mzani wa jukwaa wa kupimia magunia. Tukatambaa kwa spidi 30, bodaboda zinatupita na kutuzomea. Mama mwenye duka alidhani tumechanganyikiwa, lakini akakubali.

Ukitaka kujua tela lako lina adabu au halina, fanya tulivyofanya. Lisimamishe mahali tambarare, weka jiwe au gogo kwenye matairi yake lisitembee, lifungue kwenye gari, kisha pua yake iegemeze juu ya mzani kwa kipande cha mti, ikiwa kwenye kimo kile kile linachovutwa nacho. Namba unayoisoma ndiyo uzito unaokaa juu ya gololi.

Mzani ukasoma kilo 12.

Tukatafuta kibao cha kiwandani, tukakifuta vumbi. Kilisema tela tupu ni kilo 750, mwisho wake pamoja na mzigo ni kilo 1,000, na mwisho wa uzito wa pua ni kilo 75. Tukajumlisha mzigo wetu kwa kalamu ya mama mwenye duka: friji, jenereta, jiko na mtungi wa gesi, viti, mkaa, maji. Kilo kama 360. Ukiweka juu ya 750 unapata 1,110. Tumezidisha zaidi ya kilo 100! Na pua inayotakiwa kuwa na kilo 70 hivi ina kilo 12. Mwanaserere angeweza kuinyanyua.

Ngoja nikupe hesabu ili nawe uwe nayo. Kwa matela ya Ulaya kama letu, watengenezaji wengi wanashauri pua ichukue kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa tela, bila kuvuka kile kilichoandikwa kwenye kibao. Marekani, ambako matela yao ni mazito na hukimbizwa zaidi, wanakwenda asilimia 10 hadi 15. Usichanganye mambo ya watu. Soma kibao cha tela lako kwanza, halafu soma na cha gari, maana gari nalo lina mwisho wake.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kumwaga maji. Kilo 200 nzima tulikuwa tunazisafirisha kutoka Dar kwenda mahali penye mabomba! Mama mwenye duka aliyapokea kwa vigelegele, akajaza pipa lake bure. Pili, friji na jenereta tukavihamisha kutoka nyuma tukaviweka chini sakafuni, mbele kidogo ya ekseli, tukavifunga kwa kamba visitembee. Tukapima, kilo 82. Tumezidisha. Tukasogeza mtungi wa gesi nyuma kidogo. Tukapima tena, kilo 70. Tela zima sasa ni kilo kama 910, kwa hiyo pua ina asilimia 7 na ushee. Nilibeba jenereta lile peke yangu. Hakuna aliyenisaidia na sikuomba.

Tatu, tukapima kimo. Matela ya Ulaya yanataka katikati ya gololi iwe sentimeta 35 hadi 42 kutoka ardhini, gari likiwa limeshapakiwa. Letu lilikuwa 55. Ndiyo maana pua ilitazama mbinguni na kila kitu kikaegemea nyuma. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa ng'ambo ya barabara alitaka kukichoma tu palepale, lakini mzee alishatuonya kwamba chuma cha kuvutia si geti la nyumba. Bosi akatuma boda mjini ikaleta kile kipande cha kushushia gololi, kinachofungwa kwa bolti nene. Tukasubiri saa tatu. Tela likakaa sawa, likainamisha pua kidogo kama mtu mwenye heshima zake. Nne, tairi moja lilikuwa na upepo pungufu. Tukajaza.

HAYA SASA, KIUNGO

Sasa msomaji utaniuliza, na kile kiungo maalumu je? Ni upuuzi? Hapana, si upuuzi. Kile Kiswahili cha dukani cha "hii inazuia kuyumba" kinaficha vitu vinne tofauti, na ukinunua kisichokufaa umeliwa.

Cha kwanza ni gololi la kawaida. Ukiwa na tela dogo, lililopakiwa kwa akili, kwenye kimo sahihi, gololi la kawaida linatosha kabisa. Angalia kipimo tu. La Ulaya ni milimita 50, la Marekani la inchi 2 ni milimita 50.8, na lipo jingine dogo zaidi la inchi moja na saba ya nane. Kwa macho yanafanana kama mapacha. Kikombe cha milimita 50 juu ya gololi dogo kinaweza kuchomoka, na hapo usitafute wa kumlaumu. Na usisahau mnyororo au waya wa usalama.

Cha pili ni ule mti wa chuma unaofungwa ubavuni, upande mmoja kwenye gari na mwingine kwenye tela, ndani yake mna kitu cha kusugua. Tela likitaka kukata kona bila ruhusa, msuguano unalikatalia. Ni rahisi, lakini unatakiwa uufungue kabla ya kurudi nyuma, na kwenye utelezi haufai. Kwa wale wenye haraka, utausahau siku ya kwanza na kuupinda.

Cha tatu ni kiungo chenye vyuma viwili virefu vya springi. Hiki kinapendwa Marekani. Kazi yake hasa ni kuhamisha sehemu ya uzito wa pua kwenda kwenye matairi ya mbele ya gari, ili gari lisikalie matako na usukani usiwe mwepesi. Kinafaa tela zito lenye pua nzito. Ila chenyewe tu, bila kifaa cha kusugua, hakikuahidi kuzuia mdundiko, na matela mengi ya Ulaya hayakutengenezwa kukibeba. Bosi ndicho alichotaka kununua chini ya mwembe! Angetoa mshiko wote halafu kisingefungika.

Cha nne ni kikombe chenye pedi ndani, zinazolibana gololi kama breki zinavyobana gurudumu. Hiki ndicho cha matela ya Ulaya, na kampuni kama AL-KO ya Ujerumani wanavitengeneza. Kinatuliza kuyumba pembeni na hata kuruka ruka kwa pua. Masharti yake ni kwamba gololi liwe na shingo ndefu, na liwe kavu, lisiwe na grisi hata tone. Sisi Wabongo kwa kupaka grisi hatujambo, na ukiipaka hapo umeua pedi zote siku hiyo hiyo.

Wenye fedha zao wapo wanaofunga viungo vya kimitambo vinavyofanya tela ligeuke kana kwamba limeshikwa karibu na matairi ya nyuma ya gari, yaani linaiga semi la yule mzee. Na magari mengi ya siku hizi yana kompyuta inayohisi tela likiyumba ikabana breki ya gurudumu moja moja. Hilux ya mjomba ni ya zamani, kompyuta yake ni Bosi.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua, mpangilio ni huu: mzigo kwanza, kimo cha pili, upepo wa matairi wa tatu, mwendo wa nne, kiungo cha tano. Wengi tunaanzia na cha tano kwa sababu ndicho kinachouzwa dukani.

Na likianza kucheza ukiwa njiani? Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usiufukuze mkia, usikanyage breki kwa pupa, wala usisikilize wanaosema ongeza mwendo. Liache lipungue lenyewe. Halafu simama mahali salama, shuka, angalia ulikosea wapi. Usimsingizie upepo.

KILICHOBAKI

Kutoka Kerege tulikwenda spidi 60, na kwenye vibao vya 50 tukaheshimu vibao. Zinga, Kiromo, mabasi yalitupita matatu. Kila moja lilipopita nilikaza makalio, na kila mara tela lilitingishika mara moja likanyamaza. Tuliingia Bagamoyo jua linazama, harufu ya chumvi na samaki wa kukaanga. Nikawaza wale wapagazi wa zamani waliotembea mpaka hapa kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, misafara ambayo ndiyo maana halisi ya neno karavani. Wale hawakuhitaji mzani wa mchele. Bega la mtu halidanganyi, mzigo ukikaa vibaya linauma papo hapo. Tela haliumi mpaka spidi 90.

Biashara ilikwenda vizuri. Chipsi ziliisha siku mbili mfululizo na Sista alirudisha sehemu nzuri ya hela ya kikoba. Usiku wa pili tukiwa tunaosha sufuria nikamwambia, "Sista, mzigo niliupanga mimi. Niliweka nyuma kwa uvivu. Halafu nikamdanganya yule kijana." Akaendelea kusugua sufuria. "Nilijua tangu Mapinga," alisema. "Nilikuwa nasubiri nione itakuchukua siku ngapi."

Bosi naye alikiri ya kwake, kwamba 90 na tela haikuwa haki. Tukabaki tunagawana makosa kama tunavyogawana soda.

Wakati wa kurudi tulisimama Mapinga, tukamtafuta yule kijana wa bodaboda kijiweni kwake. Nilimnunulia kioo kipya kwa posho yangu yote ya wikiendi, nikamwambia ukweli kwamba haukuwa upepo, nilikuwa mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu mpaka nikaanza kutafuta njia ya kukimbilia. Kisha akasema, "Yule mdogo mwenye kidumu ni mdogo wangu."

Sikuwa na jibu, msomaji. Mpaka leo sina.

Bosi anadunduliza anunue kile kikombe chenye pedi, na safari hii namuunga mkono, kwa sababu suruali tumeshavaa. Tamasha lijalo tunakwenda tena. Atakayepakia ni mimi, nimeomba mwenyewe, na kabla ya kuondoka tela litapimwa mbele ya Sista. Kama nawe una tela la boti, la jenereta au la muziki na unajiandaa kukimbilia ufukweni wikiendi hii, pitia kwanza kwa mwenye duka la mchele. Mzani wake hauna aibu.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutarudi kwa akina kaka wa mashati ya kuazima. Kwaherini, na mwendo uwe wa pole.